Jumapili Tatu za Agosti

Mama Edelmira Oyarzún alikuwa na karatasi aliyoibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati la unga, yenye mistari hamsini na miwili. Kila mstari ni Jumapili moja. Mbele ya kila Jumapili ameandika kwa penseli jina la ua na mahali linapoota: waridi jeupe, getini; dalia, nyuma ya zizi; haidrenja, njiani; krisanthemu, chini ya dirisha la mwanawe Nibaldo. Penseli ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi, hata sehemu za Mei karatasi imetoboka. Yasna alipoletwa nyumbani humo baada ya kuolewa na Nibaldo, alionyeshwa karatasi hiyo kabla hajaonyeshwa chumba cha kulala. Alionyeshwa tu. Kuigusa lilikuwa jambo jingine.

Sababu ya karatasi ilijulikana kijiji kizima cha Lincura. Nibaldo akiwa na miaka minne alishikwa na kichomi katikati ya dhoruba, siku ambazo hakuna chombo kingeweza kutoka kisiwani Chiloé kwenda popote. Mama yake, mjane mpya wakati huo, alikwenda kwenye kanisa dogo la mbao akamwekea Bikira nadhiri. Mtoto akipona, altare haitakosa ua bichi Jumapili hata moja maadamu yeye mama yu hai. Ua hilo halitanunuliwa wala halitaombwa kwa jirani, litakuwa limeota kwenye ardhi yake yeye mwenyewe. Mtoto akapona. Mama akabaki na kazi ya maisha yake yote, maana mwenye akili zilizotulia haahidi ua la kila wiki mahali ambapo mvua hunyesha mpaka kuku wanasahau jua.

Watu wengine hupanda maua wanayoyapenda. Mama Edelmira alipanda ya kuziba mapengo. Desemba mpaka Machi hakuwa na wasiwasi, hata mvivu huwa na waridi wakati huo. Aprili dalia zinachoka, krisanthemu zinapokea zamu. Juni na Julai ni za kamelia. Septemba maua ya nasisi yanafungua kule kondeni, na kuanzia hapo mambo ni mteremko. Alizijua tarehe za kila kichaka kama mkunga anavyozijua za wajawazito wake. Mwezi mmoja tu ndio uliomsumbua: Agosti, Jumapili tatu za mwanzo, ambapo vichipukizi vya kamelia vimeungua kwa baridi na nasisi bado zimefumba. Kwenye mistari hiyo mitatu karatasi ilisema neno moja mara tatu: fresia, ukutani.

Yasna alikuwa mtu wa kaskazini, wa jangwani, kutoka mji wa wachimba madini ambako maji yalikuja kwa lori mara mbili kwa wiki. Bibi yake aliosha mchele, kisha kwa maji yaleyale akaosha vikombe, kisha kwa maji yaleyale akapiga deki, na yaliyobaki akayapeleka kwenye mti mmoja wa mpilipili uliokuwa mbele ya nyumba, akayamimina taratibu, huku akiongea nao. Mama Edelmira alilijua hilo na lilimchekesha, wakati mwingine lilimuudhi. Alimwita mkwewe binti wa jangwa, na hakumruhusu hata kung'oa jani bustanini. Mwaka mmoja na nusu walikaa hivyo, wakiheshimiana vizuri sana, na kila mmoja akimsubiri Nibaldo arudi kutoka kazini kwake, kwenye vizimba vya kufugia samaki baharini, ili nyumba ipate mtu wa kuzungumza naye.

Katikati ya Juni Mama Edelmira aliteleza kwenye ngazi ya nyuma akavunjika nyonga. Akapelekwa hospitali mjini Castro, akafanyiwa upasuaji, na madaktari wakamtaka abaki karibu kwa ajili ya mazoezi, hivyo akakaa kwa dada yake hukohuko. Wakati wa kupandishwa kwenye gari alimshika Yasna mkono, mara ya kwanza kabisa, na hakusema habari za mguu.

"Fuata karatasi," alisema. "Usiongeze, usipunguze. Nibaldo ni mume wako, lakini ni mwanangu."

Yasna hakuwa mtu wa nadhiri. Kwao walikuwa na watakatifu wao, waliochezewa ngoma mara moja kwa mwaka na kuwaacha watu wapumzike miezi mingine. Lakini alifuata. Kila Jumamosi simu ililia kutoka Castro na Mama Edelmira akamwelekeza: kata asubuhi umande ukiwa bado haujakauka, ponda mwisho wa shina, toa majani ya chini, weka upande wa kushoto wa Bikira maana kulia kuna upepo wa mlango. Kila Jumapili Yasna alikwenda na ua lake, na wanawake wakamtazama jinsi anavyoliweka. Mama Rudecinda, jirani wa upande wa juu, alimsifia mbele ya watu kwamba kumbe hata jangwani watu wana mikono. Yasna alicheka. Wiki ya tatu alijikuta anaamka mapema Jumapili kwa hamu, na lile lilimshangaza.

Akaanza kuipenda bustani. Hakuthubutu kung'oa wala kupanda, amri ni amri, akawa anazungukia tu na kuangalia. Lincura yote ilikuwa tope. Viatu vilizama, mifereji ilifurika, nyasi zilivimba kwa maji. Mahali pamoja tu palikuwa pakavu: ule ukuta wa nyuma ya jiko la kuni, chini ya paa lililotokeza nje, ambako fresia zilikuwa zimeshatoa majani yake membamba. Udongo ulikuwa vumbi. Ukiugusa, unapukutika. Yasna aliutazama akaona kwao. Aliyaonea huruma yale majani, jinsi yalivyosimama pale pakavu huku mvua ikinyesha hatua mbili mbele yake bila kuyafikia.

Basi akaanza kuyapelekea maji ya kuoshea vyombo. Besheni moja baada ya kifungua kinywa, moja baada ya chakula cha mchana, moja jioni. Tangu aje kusini alikuwa akimwaga maji yale mferejini, na kila alipomwaga alihisi kama anatupa mkate. Sasa yalikuwa na pa kwenda. Aliyamimina taratibu, na mara nyingine, kwa kuwa hakuna aliyemsikia, aliyasemesha yale majani kidogo.

Mwishoni mwa Julai majani yakaanza kugeuka manjano. Yasna akaongeza besheni.

"Fresia zinaendeleaje?" Mama Edelmira aliuliza kwenye simu.

"Zimepauka kidogo, Mama, ila nazitunza."

"Zitunze," akasema Mama Edelmira, akaridhika, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kusikia kwamba kuna mtu Chiloé anayemwagilia kitu chochote mwezi wa Julai.

Jumanne ya kuelekea Jumapili ya kwanza ya Agosti, Yasna alikwenda kutazama kama kuna kichipukizi. Alishika shina moja, likamjia mkononi bila kupinga. La pili hivyohivyo. Akachimba kwa kidole. Vile viazi vidogo ambamo fresia huchipuka vilikuwa vimegeuka uji, na vilinuka. Akachimba mstari mzima akiwa amepiga magoti, akitafuta hata kimoja kigumu, na hakukuwa na hata kimoja.

Mama Rudecinda alimkuta hapo. Alitazama udongo, akatazama besheni, akaelewa kila kitu bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Akamweleza kwa upole kwamba fresia haitaki baridi wala maji, kwamba ukuta ule unapata joto la jiko msimu mzima na paa linauzuia mvua, na kwamba Mama Edelmira alizunguka na fresia zake miaka sita, mara huku mara kule, zikifa kila mwaka, mpaka alipogundua mahali hapo pakavu. Kisha akasema nyumbani kwake ana vyungu viwili vya begonia ndani, zimechanua vizuri. Yasna achukue moja. Nani atajua?

Yasna alifikiria jambo hilo siku nzima, wala sitamsingizia kwamba hakutamani. Lakini kila alipojiona akiweka begonia ya watu upande wa kushoto wa Bikira, aliona pia uso wa Mama Edelmira ukishukuru. Hilo ndilo lililomshinda. Kumdanganya mtu kuhusu mwanawe mwenyewe, tena akushukuru, lilikuwa jambo asiloweza kulibeba.

Na wiki ile haikuwa wiki ya kawaida. Alhamisi redio ilitangaza kwamba bandari zote za kusini zimefungwa kwa sababu ya upepo. Nibaldo alikuwa huko, kwenye nyumba inayoelea kando ya vizimba, na simu yake haikupatikana. Jambo hilo hutokea kila msimu wa baridi na wake wa wafanyakazi wamelizoea. Yasna mwenyewe alikuwa amelizoea. Lakini sasa, kila upepo ulipoitikisa nyumba, alikumbuka ule uji mikononi mwake, akaogopa sana. Alijicheka, akajiambia kwamba upepo hauulizi habari za maua. Aliendelea kuogopa hivyohivyo.

Jumamosi mchana Mama Edelmira aliletwa nyumbani na mpwa wake, amekonda, akitembelea magongo mawili. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba hatua kwa hatua mpaka kwenye ukuta, akasimama. Yasna alimfuata, na kabla hajaulizwa akasema yote: maji ya vyombo, besheni tatu, kisha nne, tangu mwanzoni mwa Julai. Alisema pia kwamba alidhani pamesahaulika. Alisema samahani, kisha akaisema tena.

Mama Edelmira hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali apige. Aliuliza tu kama maji yalikuwa na sabuni, akajibiwa kwamba kidogo. Aliuliza kama Nibaldo amepiga simu, akajibiwa hapana. Akaingia ndani, akakaa kitini kando ya jiko, akawa anatazama mikono yake. Yasna alichoma mikate ya viazi aliyofundishwa na Nibaldo, akamwekea mbele, na ilipoa hapo.

Asubuhi ya Jumapili upepo ulikuwa bado unavuma, na mvua iliyochanganyika na chembe za barafu ilikuwa ikipiga madirisha. Yasna alichukua ndoo na kisu cha jikoni akatoka. Hakuwa na mpango wowote. Alipita kwenye kamelia, vichipukizi vyote kahawia. Alipita kondeni, nasisi zimefumba kama ngumi. Alipita nyuma ya zizi, getini, njiani, akifuata ile karatasi kichwani mwake mstari kwa mstari, na kila mahali palikuwa na vijiti na tope. Akaendelea kupanda hata pale ambapo karatasi haikuwa na neno, mpaka juu kabisa, kwenye mpaka na shamba la Mama Rudecinda.

Pale palikuwa na kichaka cha miiba, kirefu kumpita yeye, na chote kilikuwa manjano. Maua madogo madogo yamebanana juu ya miiba, maelfu, barafu inayapiga nayo hayana habari. Yasna alikuwa amewahi kuuona mmea ule kwa mbali kando ya barabara, na kusikia wanaume wakiutukana. Waliuita espinillo. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Aliinama akafuata mashina mpaka chini, akahakikisha mizizi iko upande wao wa waya. Kisha akaanza kukata. Mmea ule haukatiki kwa hiari. Kila tawi lilimchoma kabla halijaachia, miiba ikapenya nguo na kuzama kwenye viganja, na aliporudi na ndoo imejaa mikono yake ilikuwa inatiririka damu na mvua.

Mama Edelmira alikuwa ameshavaa nguo za kanisani, amekaa palepale kando ya jiko, kikombe cha chai chungu mkononi. Ufunguo wa kanisa, ambao yeye ndiye aliyeutunza na aliomwachia Yasna alipokuwa Castro, ulikuwa tena shingoni mwake. Yasna aliweka ndoo mezani.

"Mama, hili ni ua?"

Mama Edelmira alichungulia ndooni.

"Hilo ni balaa," alisema. "Baba yangu alilichoma. Mume wangu alilichoma. Mimi nimelichoma kila mwaka tangu niingie nyumba hii, na kila mwaka linanirudia limenenepa."

"Najua. Nauliza kama ni ua."

Mama mkwe aliweka kikombe chini, akaegemea meza akasimama bila magongo, akasogeza uso wake karibu na ndoo kwa tahadhari, kama mtu anayemnusa mbwa asiyemjua. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Limeota upande gani?"

"Upande wetu. Nimeangalia mizizi."

"Linanukia nazi," alisema Mama Edelmira polepole. "Kama ile keki ya harusi yenu. Miaka yote hii sikuwahi kulinusa, nilikuwa nalisogelea na kiberiti tu." Kisha akaona mikono ya Yasna. "Hebu kaa hapa."

Alimkalisha mkabala na mdomo wa jiko, akachukua sindano kwenye kikapu cha kushonea, akaipitisha motoni. Akashika mkono wa kushoto, akauweka juu ya goti la mguu wake usioumia, akaanza kutoa miiba mmoja mmoja. Alikuwa na mkono mwepesi. Alitoa mitatu, minne, na Yasna akang'ata mdomo.

"Nibaldo alipokuwa na miaka kumi na mmoja," alianza Mama Edelmira, macho kwenye sindano, "theluji ilianguka wiki nzima. Jumapili ya pili ya Agosti sikuwa na ua. Nilitafuta kama ulivyotafuta wewe leo. Halafu nikakata karatasi ya pakiti ya sukari, nikatengeneza ua, nikaliweka nyuma ya Bikira kwenye kivuli. Hakuna aliyejua. Hata kasisi sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza."

Yasna aliacha kuvuta mkono.

"Nikarudi hapa nikakaa namtazama anakunywa supu. Mwaka mzima nilimtazama hivyo. Akikohoa, mimi nakufa. Akichelewa shule, mimi nakufa. Ndipo nilipochora ile karatasi ya kabatini, ili isitokee tena. Watu wanadhani niliichora kwa imani. Niliichora kwa woga."

"Na yeye? Mwaka ule alipatwa na nini?"

"Alirefuka," alisema Mama Edelmira. "Vidole vinne. Ilibidi nimshonee suruali mara mbili."

Yasna alicheka, na kicheko kikageuka, akajikuta analia kwa sauti. Aliulilia uji wa fresia na bandari zilizofungwa na simu isiyopatikana, na mwaka mmoja na nusu wa kuheshimiana. Mama Edelmira alimwacha alie. Aliendelea na sindano yake, ila mkono wake mwingine ulikuwa umemshika Yasna kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke majini.

"Kinachoniuma unakijua?" alisema baadaye. "Siku ile ya theluji nayo, pale juu palikuwa manjano. Nililipita hilohilo nikienda kanisani na ua langu la karatasi limefichwa kifuani. Nililiona. Nikasema, mwezi ujao nitalichoma."

"Mama, ninaogopa. Nibaldo yuko kwenye upepo huu."

"Na mimi ninaogopa, mwanangu. Miaka ishirini na minane ninaogopa peke yangu." Alipuliza kidole kilichokuwa kinatoka damu. "Leo tuko wawili. Sijui kama inasaidia baharini, lakini humu jikoni imesaidia."

Nje, kengele ya kanisa, inayoning'inia barazani, ililia mara ya kwanza. Walisikia sauti ya Mama Rudecinda njiani akiwauliza watu kama Mama Edelmira anakuja au haji, na kama kuna ua au hakuna. Yasna alitaka kusimama.

"Tutachelewa, Mama. Wataanza kunong'ona."

"Wanong'one. Wanong'one huko nje kwenye barafu, mlango umefungwa na ufunguo ninao mimi." Mama Edelmira aliusogeza mkono uliokwisha pembeni, akaipitisha sindano motoni tena. "Lete mkono wa pili."